Tani Moja ya Mdomoni

Kwenye gati la kivuko cha Pangani, upande wa mjini, pikapu ya milango minne ilikuwa inaingia kwenye pantoni. Mgongoni ilibeba kijumba cheupe cha kulala, kizuri kwa macho, rangi bado inanukia. Magurudumu ya nyuma yalipofika pale saruji inapokutana na bati la pantoni, mkia wa kijumba ukakwaruza chini kwa sauti iliyomfanya kila abiria ageuke. Taa za mbele, zilizokuwa zinawaka mchana ule, zilitazama juu kama zinatafuta ndege.

"Kaka, umebeba nini humo?" kijana wa pantoni akauliza.

"Kitanda tu. Hii gari inabeba tani moja, usiwe na wasi."

Kauli hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Si kwamba yule bwana alidanganya. Ukienda gereji yoyote ya Ngamiani, Tanga mjini, ukauliza pikapu inabeba kiasi gani, jibu ni hilo hilo, tani moja, na linatolewa kwa uhakika ule ule wa kutaja idadi ya magurudumu.

Tani moja ya nini, lakini?

## Hesabu inaanzia wapi

Kila gari lina ukomo wa jumla uliowekwa na kiwanda: gari lenyewe, mafuta, watu, mizigo, bampa ya chuma uliyoongeza, mpaka kopo la chai la dereva, vyote kwa pamoja. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho linachobeba. Hilux ya milango minne ya kizazi kilichoanza 2015, ikitegemea toleo na nchi ilikouzwa, hubakiwa na kati ya kilo 800 na 1,000 hivi. Hapo ndipo "tani moja" ilipozaliwa.

Ugomvi uko kwenye neno "tupu". Ulaya, gari tupu huhesabiwa likiwa na dereva wa kilo 75 ndani yake. Australia kuna uzito unaopimwa na lita 10 tu za mafuta kwenye tenki. Tenki la lita 80 likijaa dizeli ni kilo 67 hivi, maana lita moja ya dizeli haifiki hata kilo. Kwa hiyo ukisoma mtandaoni kwamba gari fulani linabeba kilo 900, inawezekana kabisa wewe, mkeo na mafuta yenu mmekwisha kula 200 kabla hata msumari mmoja haujapigwa.

Kuna jambo lingine la kuchekesha. Hilux iliyoanza kuuzwa Japan mwaka 2017 inatengenezwa Thailand, ndugu wa tumbo moja na zile za masoko mengine, lakini makaratasi ya Japan yanaipa mzigo wa kilo 500 tu. Chuma ni kile kile kwa sehemu kubwa, namba ikashuka nusu kwenye makaratasi. Ndiyo maana namba ya gari la jirani, hata likifanana na lako mpaka rangi, si namba yako. Soma kibao cha gari lako mwenyewe, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kama liliingia likiwa limetumika kutoka Japan, cheti cha kusafirishia nje kina uzito wa gari, uzito wa jumla na kiwango cha juu cha mzigo.

Marekani, ambako vijumba hivi vya kupakia mgongoni ni biashara kubwa ya miaka mingi, karatasi iliyobandikwa mlangoni hutaja kabisa kwamba watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kilo kadhaa. Watu na mizigo. Abiria anahesabiwa kama gunia. Sheria ya kule pia inamtaka mtengenezaji wa pikapu zinazobeba vijumba aeleze kitovu cha uzito wa mzigo, yaani pale mzigo wote ungesawazika ukiuegemeza, kinaruhusiwa kukaa wapi kwenye bodi. Suala hilo la mahali nitalirudia, kwa sababu ndilo linalovunja chesisi nyingi kuliko uzito wenyewe.

## Mizani ambayo haikuiti

Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inawagusa wenye magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu hupita pembeni ya mizani ya barabara kuu ikipunga mkono. Kwa hiyo mwenye pikapu anaweza kuzunguka na gari lake mpaka linachakaa bila kuona uzito wake hata mara moja. Ukisimamishwa huwa ni kwa sababu nyingine.

Lazima uipeleke mwenyewe. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wana mizani za kupimia magari, viwanda na mashamba makubwa ya mkonge vilevile. Nenda saa ambayo hakuna foleni ya malori, ongea vizuri, lipa kidogo.

Kabla ya kujenga chochote, jaza tenki, pandeni wote mtakaosafiri, wekeni jeki, zana na tairi la akiba. Panda mizani mara tatu: gari zima, kisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Namba ya mbele na ya nyuma zikijumlishwa zikaribiane na ya gari zima. Zikitofautiana sana, sehemu ya kuingilia mizani haiko sawa na gari limeinama. Rudia.

Tuchukue mfano. Pikapu mbili zenye ukomo wa jumla wa kilo 2,900 kila moja. Ya kwanza ni kabini moja, ina dereva na mwenzake, tenki limejaa, mizani inasema 1,950. Imebaki 950. Ya pili ni milango minne, ina watu wazima wanne na bampa ya chuma ambayo kila mtu sasa anaitaka, mizani inasema 2,380. Imebaki 520.

Gari la pili ni la bei kubwa zaidi na linaonekana na nguvu zaidi. Linabeba nusu na kidogo.

Toa kilo 100 za akiba kwa kila gari, kwa ajili ya matope, mvua iliyolowanisha turubai, na machungwa utakayonunua njiani hata ukiapa hununui. Zimebaki 850 na 420.

## Vitu vidogo vinavyokula gari

Hapa watu hudanganyika kwa sababu hakuna kitu kimoja kinachotisha. Maji lita 80 na tenki lake, kilo 85. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ukiwa umejaa pamoja na jiko, kama 16. Betri moja ya kawaida ya amp 100, kilo 28 (ya lithiamu yenye ukubwa huo haifiki nusu, ila bei yake usiniulize). Friji ndogo na vilivyomo, 45. Godoro na matandiko, 20. Nguo, sufuria, sahani, mchele, unga, 40. Tairi la akiba la pili, 30. Koleo, kamba, jeki kubwa na zana, 25.

Jumla 289. Bado hujajenga kijumba.

Kabini moja imebakiwa na kilo 561 za kijumba chenyewe. Milango minne imebakiwa na 131.

Kilo 131 si kijumba. Ni hema la kukunja la kufungwa juu ya fremu ya bodi, ambalo mengi yana kilo 60 hadi 80, na chenji inabaki. Mtu wa milango minne akikubali hilo mapema, atalala vizuri hifadhini Saadani na gari lake litakuwa zima. Asipokubali, ataishia na mkwaruzo wa pantoni.

Maji ndiyo ya kwanza kuyatazama ukitaka kupunguza. Kwenda Lushoto hakuna haja ya kupandisha lita 80 kutoka Mombo mpaka Soni na zile kona zake. Kule juu maji yapo, beba 20 za njiani. Saadani ni habari nyingine, huko jaza tenki, punguza kingine.

## Kwenye duka la vyuma

Uzito wa kijumba huamuliwa siku ya kununua vyuma. Ukishachomelea, umechelewa.

Tuchukue kijumba cha urefu wa mita 2.2, upana 1.6, kimo 1.5. Kuta nne, sakafu na paa vinafanya mita za mraba 18 na kidogo. Fremu yake na mbavu za katikati zinataka kama mita 42 za bomba la pembe nne, yaani mabomba saba ya mita 6.

Fundi wa mageti atakwambia bomba la 40 kwa 40 la milimita 2, kwa sababu ndilo analolizoea, na geti halijawahi kupanda mlima. Bomba moja la namna hiyo ni kilo 14 na zaidi. Saba ni kilo 100. La 25 kwa 25 la milimita 1.5 ni kilo 6.6, saba ni 46.

Ngozi ya nje: bati la chuma la milimita 1.5 ni kilo karibu 12 kwa kila mita ya mraba, kijumba kizima kinavaa kilo 217. Alumini ya milimita 1.2 ni 60.

Ndani, plaiwudi ya milimita 12 kwenye kuta na dari ni kilo 107. Ya milimita 6 ni 54, na ukiweka povu katikati, ule ubao mwembamba hautetemeki wala joto halipenyi. Sakafu ya milimita 18 ni kilo 38, ya milimita 12 ni 25 ikiwa mbavu za chini zimekaribiana.

Kisha makabati. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 18 ni kilo 40 kwa shiti moja, na kabati, meza na kitanda vitakula shiti tatu bila wasiwasi: 120. Plaiwudi ya milimita 12, shiti tatu, 64. Tena MDF ikipata unyevu wa pwani hii inavimba kama mkate kwenye chai. Kuna wanaopenda mtiki wa Longuza kwa sababu uko hapo Muheza na ni mzuri. Ni mzuri kweli. Weka kwenye kingo za meza na fremu ya mlango, inatosha.

Ongeza 45 za vioo, mlango, bawaba, bolti na rangi.

Kijumba kizito, 627. Kijumba chepesi, 294. Ukubwa ule ule, kitanda kile kile, na ukivipaka rangi moja huwezi kuvitofautisha ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwenye kabini moja yenye nafasi ya 561, kimoja kinazidi na kingine kinabakisha zaidi ya kilo 260.

Alumini ina masharti yake. Haichomelewi kwenye fremu ya chuma, inafungwa kwa riveti na gundi ya kunyumbulika, na kati yake na chuma lazima kuwe na kizuizi, rangi nzito au utepe wa raba. Chuma na alumini vikigusana kwenye hewa ya chumvi kama ya kwetu, alumini inaliwa kuzunguka kila riveti na kubaki unga mweupe. Fundi asiyejua hilo atakupa kijumba chepesi kitakachoanza kuvuja kabla ya masika ya pili.

## Lakini machungwa ya Muheza?

Hapa ndipo mashaka yalipo, na ni mashaka ya haki.

Msimu wa machungwa, pikapu zinatoka vijijini Muheza zimejaa mpaka juu ya kabini, na hakuna anayeamini kwamba ule mzigo ni tani moja. Zinafika sokoni. Kesho zinarudi tena. Kama zile zinaweza na magari yenyewe ni ya zamani, kijumba cha kilo 600 kina ajabu gani?

Hoja hii imenisumbua kuliko zote, kwa sababu jibu la "kiwanda kimesema" halimtoshi mtu aliyeona kwa macho yake.

Jibu la kwanza ni kwamba zile pikapu zinalipa. Angalia hanga za springi zake, vile vishikio vya kwenye chesisi, zimechomelewa mara ngapi. Angalia matairi ya nyuma yalivyolika upande wa ndani. Mfanyabiashara anajua, ameingiza kwenye hesabu zake, msimu ukiisha gari linaingia gereji.

La pili lina uzito zaidi. Mzigo wa machungwa unashuka. Gari linarudi tupu, springi zinapumzika, na safari yenyewe ni saa chache. Kijumba hakishuki. Kiko mgongoni usiku na mchana, kwenye lami na kwenye barabara ya vumbi yenye migongomigongo, na kila mtikisiko unauzidisha ule uzito kwa kitambo kifupi. Chuma hakichoki kwa mzigo mmoja mkubwa tu, huchoka pia kwa mzigo wa kati unaorudiwa maelfu kwa maelfu.

La tatu ni kimo. Machungwa yamelala chini na kujaa sawasawa. Kijumba kina paa, na juu ya paa kuna sola, na pengine keria yenye tairi. Kwenye kona za kupanda Soni tofauti hiyo unaisikia kwenye usukani.

Bado sidhani kwamba kuzidi kwa kilo 30 kutaua mtu. Ukomo wa kiwanda si ukingo wa shimo. Lakini hakuna anayezidisha kilo 30 kwa makusudi. Anayezidisha hajapima, na asiyepima huzidisha mia tatu.

## Ekseli iko wapi

Chukua futi. Pima kutoka ukuta wa mbele wa bodi, ule ulio nyuma ya kabini, mpaka usawa wa katikati ya gurudumu la nyuma.

Kwenye kabini moja yenye bodi ndefu utapata kama mita moja na zaidi kidogo. Kwenye milango minne, mara nyingi haifiki nusu mita. Kabini imesogea nyuma, bodi imekatwa, ekseli imebaki palepale: Hilux nyingi za vizazi vya karibuni zina mita 3.085 kati ya ekseli mbili, iwe kabini moja au mbili.

Sasa chukua mzigo wa kilo 600 ambao kitovu chake kiko sentimita 95 kutoka ule ukuta. Kabini moja yenye ekseli kwenye mita 1.1: kitovu kiko sentimita 15 mbele ya ekseli. Ekseli ya nyuma inabeba 571, ya mbele inapokea 29. Gari limetulia.

Milango minne yenye ekseli kwenye sentimita 45: kitovu kiko nusu mita nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma inabeba 697, yaani zaidi ya mzigo wenyewe, kwa sababu ekseli ya mbele imenyanyuliwa kilo 97. Hizo 97 zilikuwa za usukani na breki za mbele. Taa kutazama juu ni dalili tu ya nje.

Na chesisi, hapo nyuma ya kabini, inapindwa kama mtu anayevunja muwa kwenye goti.

Ndiyo maana vijumba vya Marekani vina pua inayopanda juu ya kabini na kitanda kiko humo. Wengi hudhani ni kwa ajili ya nafasi. Ni nafasi, lakini pia inavuta uzito mbele. Anayejenga hapa bila ile pua apange kwa mkono: tenki la maji chini kabisa, limegusa ukuta wa mbele, betri hapo hapo, friji mbele. Nyuma pabaki godoro, nguo na mlango. Tairi la pili kutundikwa kwenye mlango wa nyuma linapendeza kwenye picha, ila ni mahali pabaya kuliko pote.

Kupata kitovu cha kijumba chako huhitaji kompyuta. Mzani wa jukwaa wa wanunuzi wa mazao unatosha. Laza mabomba mawili chini ya kijumba, moja chini ya ukuta wa mbele, la pili mita 2 nyuma yake. Pima upande mmoja, kisha mwingine, huku upande usiopimwa umewekewa tofali za kimo kile kile cha mzani ili kijumba kikae sawa. Tuseme mbele 160, nyuma 140. Uzito wote 300. Zidisha ya nyuma kwa umbali, gawanya kwa jumla: 140 mara 2 ni 280, gawa kwa 300, mita 0.93 kutoka mbele. Linganisha na umbali wa ekseli uliopima kwenye bodi. Fanya hivyo kabla ya rangi, bado unaweza kuhamisha kabati.

Upande kwa upande pia. Tenki, betri na friji vikiwa kushoto vyote, gari litainama kushoto, na tairi la kushoto nyuma ndilo litakaloanza kukupa taabu.

## Jani la springi

"Ongeza majani mawili, mkuu, itasimama," fundi atakwambia.

Itasimama, ndiyo. Kusimama si kubeba. Majani ya springi yananyanyua mkia, hayagusi beringi, wala mirija ya ekseli, wala breki, wala rimu, wala chesisi. Ule ukomo kwenye kibao umebaki pale pale, kilichoondoka ni dalili iliyokuwa inakuonya.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Hilux nyingi za zamani zina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli. Gari likilala kwa mzigo, fimbo inasogea, valvu inafungua breki za nyuma zaidi. Ukinyanyua springi bila kurekebisha ile fimbo, valvu inaamini gari ni tupu. Umebeba kijumba, unateremka Mombo, na breki za nyuma zinafanya kazi kama gari halina kitu. Mwambie fundi aonyeshe ile fimbo kabla na baada.

Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chesisi na ekseli ni mizuri kwa kusawazisha kimo. Lakini springi ya majani hukabidhi uzito kwenye chesisi kwa sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unausukuma mahali pamoja, juu ya ekseli, na mkia wenye mzigo ukining'inia nyuma hapo ndipo chesisi za milango minne zinapopinda. Springi nzima iliyopangwa upya kwa mzigo wa kudumu ni bora kuliko majani ya kuokoteza pamoja na mifuko.

## Tairi kwa haraka

Kwenye ubavu wa tairi kuna namba ya mzigo baada ya saizi. 104 ni kilo 900 kwa tairi, 108 ni 1,000, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250. Ekseli ya nyuma ikibeba 1,700, kila tairi linashika 850, hivyo 104 linaonekana kutosha. Kama ni tairi la gari la abiria lililofungwa kwenye pikapu, kanuni ya Marekani ni kugawa uwezo wake kwa 1.1: 900 inakuwa 818. Halitoshi tena. Matairi ya mtumba ndiyo hayo mengi. Chukua yenye herufi C au LT, yaani ya magari ya mizigo, na soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Upepo ni ule wa mzigo kamili ulioandikwa mlangoni, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi.

## Kufunga, kisha kukagua

Kijumba kinachokaa ndani ya bodi kitandikiwe raba chini na kishikwe pembe nne, nguvu iende kwenye chesisi. Bati la bodi ni jembamba, linachanika. Kijumba kinachochukua nafasi ya bodi kisifungwe kigumu pembe zote nne: chesisi ya pikapu inajipinda kwenye mashimo, kijumba hakijipindi, kitu kimoja lazima kipasuke. Pembe za mbele ziwe ngumu, za nyuma ziwe na springi fupi au raba nene chini ya bolti. Ukitoboa chesisi, toboa kwenye ukuta uliosimama, usiguse mbavu za juu na chini. Kuchomelea juu ya chesisi, kataa.

Kabla ya kupakia kijumba kwa mara ya kwanza, pima vitu viwili uandike. Umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka ukingo wa bodi juu yake. Na mwanya kati ya kabini na bodi, juu na chini. Pakia, pima tena. Mbele pakipanda zaidi ya sentimita moja au mbili, kitovu kiko nyuma ya ekseli, hamisha vitu. Mwanya wa juu ukifunguka kuliko wa chini, chesisi inainama. Ukishusha kijumba na mwanya usirudi kama zamani, imeshapinda, na hapo hakuna mjadala wa majani ya springi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza bolti zote, kwa sababu raba na rangi vimekandamizwa. Kisha rudi kwenye mizani na gari likiwa limepakiwa kama la safari, maji ndani, watu ndani, na upime ekseli moja moja. Ya nyuma ikizidi na ya mbele ina nafasi, hamisha. Zote mbili zikizidi, kuna kitu kinabaki nyumbani, na kwa kawaida ni kile kilichopigiwa kelele zaidi wakati wa kupakia.

Kwa wanaokaa Raskazone, Pangani au popote upepo wa bahari unapofika, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, na gonga hanga za nyuma za springi kwa nyundo ndogo kila baada ya miezi michache. Chuma kizima kinalia. Kikitoa sauti ya kufa, au magamba ya kutu yakidondoka, shusha kijumba kwanza ndipo umwite fundi.